Saburi Katika Tenzi za Mathias Mnyampala

Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili wamezoea kumtaja Mathias E. Mnyampala kwa jambo moja, nalo ni ngonjera. Mwanafunzi akiulizwa habari zake hujibu kwamba alikuwa mwenyekiti wa UKUTA, na kwamba mwaka 1968, washairi walipokutana na Mwalimu Nyerere mjini Dar es Salaam wakaombwa kulieneza Azimio la Arusha kwa sanaa yao, Mnyampala ndiye aliyeunda mtindo ule wa majibizano ambao shule zilikuja kuucheza jukwaani kwa miaka mingi. Jibu hilo si la uongo. Lakini limefunika kazi mbili alizozitoa kabla ya hapo: Utenzi wa Enjili Takatifu wa mwaka 1963, na Utenzi wa Zaburi wa mwaka 1965, zilizopigwa chapa na misheni ya Ndanda. Hizi hutajwa katika orodha za vitabu vyake, tena kwa haraka, jinsi zitajwavyo kazi za ibada ambazo mhakiki hana haja nazo.

Sababu ya kupitwa hivyo yaeleweka. Mhakiki amefundishwa kutafuta uumbaji, na mtu aliyeitwaa Injili, kitabu ambacho kila Mkristo anakijua mwanzo wake na mwisho wake, akakipanga kwa mizani nane nane, aonekana hakuumba kitu. Alitii tu. Lawama hiyo hiyo, kwa maneno mengine, ilizipata ngonjera katika miaka ya 1970, wakati wahakiki vijana walipozihukumu kuwa ni hotuba za siasa zilizotiwa vina. Kwa hiyo utii wa Mnyampala umehesabiwa kuwa ugonjwa mmoja wenye dalili mbili, moja kanisani na moja serikalini. Hapo ndipo penye kosa. Utii wa namna ya kwanza na utii wa namna ya pili havikuzaa matunda yaliyo sawa. Katika ngonjera mtungaji alikuwa huru kuwapangia wasemaji wake mwisho autakao, naye akaufuta mashaka wote. Katika tenzi zake za dini hakuwa na uhuru huo. Maandiko yalimlazimisha kuyaacha mashaka mahali pake, na kuimba kilio kama kilivyo. Ndiyo maana saburi ya mwamini, ambayo katika vitabu vingi vya Kikristo vya Kiswahili ni shauri tu linalotolewa na aliyeshiba kwa mwenye njaa, katika tenzi hizi yapata mwili.

Yafaa kwanza kuitazama nchi alikotoka. Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 upande wa Ihumwa, mashariki ya Dodoma, katika uwanda wa kati ambao mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Mwaka aliozaliwa ndio mwaka ilipoanza njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamepita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka na watu wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana, na baada ya njaa yakaja maradhi. Hadi mwaka 1920 watu maelfu kwa maelfu walikuwa wamekufa au wametawanyika. Mtoto aliyekua katika nchi hiyo hakuhitaji kufundishwa na mtu yeyote maana ya neno kuvumilia.

Wala dini aliyoipokea haikuingia Ugogo kwa wepesi. Watu wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, katika njia ya misafara iendayo Ujiji na Uganda, na kwa muda mrefu kituo chao kilikuwa mahali pa kupumzikia wapitao kuliko kanisa la wenyeji. Upande wa Wakatoliki, ambao ndio upande wa Mnyampala, Dodoma ilipata kuwa jimbo kamili mwaka 1953 tu. Mwaka uliofuata, yaani 1954, kitabu chake cha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika kikatoka. Ukaribu wa miaka hiyo miwili si hoja ya kujengea nyumba, lakini wafaa kukumbukwa: mtu huyu hakuubadilisha Ugogo kwa Ukristo kama mtu abadilishavyo nguo. Aliandika historia ya watemi na mila za watu wake kwa bidii ile ile aliyoiandikia baadaye maisha ya Kristo, na kazi zote mbili alizifanya katika nafasi alizoachiwa na utumishi wa serikali na wa mahakama, maana hakuwa padri wala mtawa, wala hakulipwa na mtu ili aimbe.

Sasa mtu huyo alipotaka kuiimba Injili alichagua utenzi. Uchaguzi huu watazamwa leo kama jambo la kawaida, kumbe ulikuwa wa kumweka pweke pande tatu.

Kwanza, haukuwa muziki wa kwao. Wagogo ni watu wa sauti nyingi zinazopishana, za zeze na ilimba, na wimbo wao hautembei kwa kuhesabiwa mizani. Mgogo aingiaye katika utenzi ameacha nyumba ya mama yake. Pili, utenzi ulikuwa mali ya watu wa pwani na ya Uislamu. Tangu Utendi wa Tambuka wa karne ya 18, bahari hii imebeba sira ya Mtume, vita vya maswahaba, visa vya manabii, na mawaidha kama ya Mwana Kupona wa mwaka 1858. Ni kweli kwamba wakati wa Mnyampala walikuwako watu wa bara waliopokelewa barazani bila kuulizwa wametoka wapi: Kaluta Amri Abedi, mtu wa Ujiji, ndiye aliyewaandikia Waswahili wote sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na Saadani Kandoro naye alitoka huko huko. Lakini hao walikuwa Waislamu. Mnyampala alikuwa mtu wa bara na tena Mkristo, akaketi katika baraza ambalo majina ya Mungu yenyewe, Mola, Rabana, Jalali, Manani, yalikuwa na harufu ya msikiti. Tatu, na hili husahauliwa zaidi, kanisa lake halikuwa na mahali pa kuuweka utenzi. Mwaka 1963 misa ya Kikatoliki ilikuwa ingali ikisomwa kwa Kilatini. Waraka wa Mtaguso wa Vatikano uliozifungulia mlango lugha za watu katika ibada ulitolewa mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Waprotestanti walikuwa na Biblia yao nzima ya Kiswahili sanifu tangu mwaka 1952, na nyimbo za tafsiri ambazo tuni zake zilitoka Ulaya. Utenzi haukuwa misa, haukuwa wimbo wa kwaya, haukuwa katekisimu. Nani angeusoma, na wapi? Swali hilo mtungaji hakuweza kulijibu kabla ya kuanza, na ikiwa alingoja kulijibu asingeanza.

Hapa yahitaji kusemwa neno juu ya kazi yenyewe, kwa sababu wanafunzi wengi wa leo, ambao wamelelewa na mashairi huru tangu Kichomi cha Kezilahabi cha mwaka 1974, hawajui uzito wake. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza hukubaliana kwa kina kimoja, na cha nne hurudi, ubeti hata ubeti, kwenye kina cha bahari kilichochaguliwa tangu mwanzo. Kila beti mia zina mizani 3,200. Ubora wa mtungaji wa shairi fupi huonekana katika mruko mmoja. Ubora wa mtungaji wa utenzi huonekana katika ubeti wa mia tano, wakati msisimko wa mwanzo umekwisha zamani, maneno mazuri yenye kina kile yamekwisha kutumika, na habari yenyewe bado iko Galilaya. Hakuna bahari katika Kiswahili inayofanana na wito uliochukuliwa kwa miaka kuliko hii. Hiyo si sifa ya maana bali ya umbo, na ingekuwako hata kama mtungaji angekuwa anaimba habari za reli.

Lakini habari hazikuwa za reli. Tenzi kubwa zilizopendwa pwani ni tenzi za vita, na umbo lake limezoea vita: farasi, panga, majina ya mashujaa, adui akianguka mwisho wa ubeti pamoja na kina. Habari aliyoichukua Mnyampala ni ya shujaa aliyeingia mjini juu ya punda, aliyemwambia rafiki yake aurudishe upanga alani, ambaye wafuasi wake walilala usiku wa shida, kisha wakakimbia. Ngoma iliyopigiwa ushindi yatakiwa ipige kushindwa. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni hitilafu kati ya umbo na maana. Wangekuwa na haki kama pwani isingalikuwa na tenzi nyingine. Ipo habari ya Ayubu, mtume aliyenyang'anywa mali, watoto na afya, ambayo Waswahili wameiimba kwa utenzi tangu zamani. Upo utenzi wa kutawafu kwa Mtume. Upo Utenzi wa Seyyidna Huseni wa Hemed Abdallah el-Buhriy, ambao shujaa wake auawa Karbala pamoja na jamaa zake kwa kiu na kwa silaha. Kwa hiyo Mnyampala hakuja katika nyumba isiyo na chumba cha msiba. Alikuta chumba hicho kimejengwa na Waislamu, akaingia na maiti wake. Hilo ni jambo kubwa kuliko yale yasemwayo kila siku juu ya kuishi pamoja kwa dini katika Tanzania, na aliyelitenda hakulitolea hotuba.

Lugha nayo yathibitisha. Kiswahili kina neno kuvumilia, la asili ya Kibantu. Kina subira na saburi, yenye shina moja la Kiarabu. Kina kustahimili, na kudumu. Watafsiri wa Biblia ya 1952 walipofika kwenye waraka wa Mtume Paulo kwa Warumi, pale asemapo kwamba dhiki huzaa kitu fulani ndani ya mwamini, walichagua saburi, yaani neno lile lile la Ayubu wa pwani. Hawakuwa na jingine bora. Kuvumilia chatosha kwa maumivu ya jino. Saburi yataka mtu awe na anayemngojea. Mshairi Mkristo aliyekopa maneno ya namna hii hakuwa akijipamba kwa Kiarabu, kama alivyolaumiwa Mnyampala na wale waliotaka Kiswahili cha Kibantu mtupu. Alikuwa akichota pale maji yalipo.

Na maji ndiyo yapelekayo kwenye kazi yake ya pili, ambayo kwa maana hii yapita ile ya kwanza. Kuzigeuza Zaburi kuwa utenzi ni jambo gumu kuliko kuigeuza Injili, kwa kuwa Injili ina kisa na Zaburi hazina. Utenzi hupenda kisa. Kipande cha nne humsukuma msomaji kwenye ubeti ufuatao kwa kumwahidi kwamba kuna jambo litatokea. Katika Zaburi mara nyingi hakuna jambo linalotokea. Mtu analia, anakumbuka, anasifu, analia tena. Mtungaji anyimwa msaada wa hadithi, abakiwa na sauti tu.

Lakini Zaburi zimejaa nchi ambayo Mgogo anaijua. Ayala atafutaye mito katika Zaburi ya 42, na nchi kavu iliyochoka isiyo na maji katika Zaburi ya 63, kwa msomaji wa Ulaya ni mifano ya roho. Katika uwanda wa Dodoma mito yenyewe ni mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mwenye kutaka maji huuchimba mchanga wa mto, huingia kimo cha mtu, hungoja yajikusanye, huteka kwa kibuyu, kisha hungoja tena. Huyo akisoma kwamba nafsi yamwonea Mungu kiu hahitaji kuelezwa mfano, bali atauliza shimo limefika wapi. Vivyo hivyo Zaburi ya 126, yenye wapandao kwa machozi. Wafasiri wengi hushindwa kueleza kwa nini mpanzi alie, maana kupanda huonekana kuwa ni wakati wa matumaini. Jibu halimpotei mtu wa Ugogo. Mwezi wa Desemba, baada ya mwaka wa mavuno mabaya, mbegu ya uwele au ya mtama iliyobaki kihengeni ndicho chakula cha mwisho kilichomo nyumbani. Baba huitoa mbele ya macho ya watoto wenye njaa akaenda kuifukia udongoni, naye hajui kama mvua itakuja. Hapo ndipo machozi. Mwenye kukata tamaa huila mbegu, na hakuna atakayemlaumu sana.

Wito wa Kikristo katika nchi ya namna hiyo wafanana na mbegu ile kuliko kitu kingine chochote, na Zaburi ziliwafaa Wagogo kabla ya mtu yeyote kuzitungia mizani. Alichokiongeza Mnyampala ni kuzitoa katika nathari ya tafsiri, ambayo husomwa na kuachwa, akazitia katika umbo ambalo hukaririwa, ambalo mtu asiye na kitabu aweza kwenda nalo shambani.

Sasa ipimwe Zaburi ya 88, ambayo ndiyo jiwe la kujaribia. Zaburi nyingi za kilio zina mgeuko: mwenye kulia hufika mahali akageukia sifa. Hii haina. Mwombaji analia mchana na usiku, anasema marafiki zake wameondolewa mbali naye, na neno la mwisho ni giza. Mwenye kuitungia utenzi hana ruhusa ya kuongeza ubeti wa faraja chini yake. Akiuongeza, si Zaburi tena. Kile ambacho mshairi mwema wa mawaidha angekifanya bila kufikiri, yaani kumshika mkono mwenye kulia na kumwambia mambo yatakuwa sawa, ndicho kilichokatazwa. Vivyo hivyo kilio cha Kristo msalabani katika Injili ya Mathayo na ya Marko: mtungaji aweza kutafuta kina chake, lakini hawezi kumjibia Baba.

Hapo ngonjera ziwekwe kando yake. Katika ngonjera wako wasemaji wawili au zaidi: mmoja ana mashaka, au hajui, au amekosea, mwingine anajua. Wanajibizana, na mwenye mashaka mwisho akubali na kushukuru. Mtindo huu ni hodari kwa kufundisha, na ulipoanza ulikuwa mpya, tena wenye kuchangamsha. Lakini mwenye mashaka katika ngonjera si mtu. Ni mlango uliotengenezwa ili ufunguliwe. Hakuna anayeamini kwamba angaliweza kutoshawishika. Ndiyo sababu msomaji wa leo, ambaye anajua yaliyovipata vijiji vya Ujamaa katika mkoa huo huo wa Dodoma, ambao tangu mwaka 1971 watu wake walihamishwa kwa wingi katika Operesheni Dodoma, huona kwamba mashaka yale yalistahili kusikilizwa zaidi. Mtungaji mwenyewe hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1969, hajatimiza miaka 52, na Ngonjera za UKUTA zikatoka mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa kaburini.

Basi mtu mmoja, mwenye utii ule ule, kwa mkono ule ule, alizalisha vitu viwili. Alipotii azimio alilolipenda, aliondoa kukata tamaa katika shairi kwa sababu aliona ni adui wa kazi. Alipoyatii maandiko, hakuweza kukuondoa, na imani yake ikalazimika kukaa nyumba moja nako. Mhakiki asiye na dini aweza kulikubali jambo hili bila kukubali lolote katika Ukristo. Ni habari ya ushairi: mvumilivu ambaye hakuonyeshwa sababu ya kuacha hajulikani kama ni mvumilivu.

Isidhaniwe kwamba tenzi hizi hazina kasoro. Zinazo, na nyingine ni kubwa. Yako mahali ambapo ubeti ni taarifa tu iliyogawanywa kwa nane, na ambapo jina la Mungu limetiwa mwishoni si kwa ucha Mungu bali kwa kutafuta kina. Majina ya Kiebrania na ya Kiyunani hayapendi mizani za Kiswahili, na kuyalazimisha huacha makovu. Mafundisho, ambayo katika Injili ni makali na mafupi, yakinyoshwa kufuata vipande vinne hupoteza ukali. Mfano wenye maneno thelathini haupati faida kwa kupewa mia. Msomaji aliyetoka kwenye Al-Inkishafi, ambamo kila ubeti umechongwa kama mlango wa Lamu, ataona tofauti mara moja, na haifai kumficha. Sayyid Abdallah alikuwa fundi kuliko Mnyampala. Lakini Al-Inkishafi ni kazi fupi ya mtu aliyesimama mbele ya magofu ya Pate na kuyatazama yaliyopita. Mnyampala alichukua safari ndefu, na kazi ya safari ndefu hupimwa pia kwa kufika.

Je, kufika ni sifa ya sanaa? Wengi watakataa. Watasema kwamba ubeti mbaya hauwi mwema kwa sababu mtungaji wake hakuchoka, na kwamba mhakiki akianza kusifu uvumilivu wa mtu ameacha kuhakiki shairi, ameanza kuhubiri mazishini. Pingamizi hili ni zito, na kwa shairi fupi halina jibu. Kwa utenzi jibu liko katika masikio ya anayesikiliza. Utenzi husomwa kwa sauti, kwa kirefu, na beti zake dhaifu ni sehemu ya mwendo kama vile njia tambarare ilivyo sehemu ya safari ya kutoka Kilosa kwenda Dodoma. Ubeti ulio mkali husikika kwa ukali wake kwa sababu umetanguliwa na ishirini zilizo tulivu. Mtungaji aliyechoka angaliruka zile ishirini, akaleta kichaguo cha mambo makuu: kuzaliwa, msalaba, ufufuo. Makanisa yana nyimbo nyingi za namna hiyo. Kilichokosekana, na ambacho mtu wa Ihumwa alikitoa, ni utenzi wenye siku za kati pia, barabara za Galilaya, wanafunzi wasioelewa, ambamo wito hauna sherehe.

Wasia wake mwingine ulichelewa zaidi. Maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, chini ya jina la Maisha ni Kugharimia, yalitolewa kitabuni mwaka 2013, miaka 44 baada ya kifo chake, kwa kazi ya mtaalamu Mfaransa Mathieu Roy. Jina hilo limewavutia wengi kulitumia kama ufunguo wa mashairi yake yote, na kwa ngonjera huenda likafaa. Katika tenzi mbili za dini halifunguki kirahisi hivyo, kwa kuwa mwenye kugharimia huujua bei yake na hungoja kupewa kitu. Mwombaji wa Zaburi ya 88 hajui bei, hajapewa kitu, na bado anaendelea kusema na Yule asiyejibu, kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka kile cha nne ambacho kina chake kilikwisha kuchaguliwa tangu ubeti wa kwanza.